Fundi Miguu na Lundo la Vipimo

Mtaani walimwita Fundi Miguu, na jina lilimkaa vizuri, maana kwa miaka ishirini na mbili mama huyu alikuwa akitengeneza miguu ya bandia katika vyumba viwili nyuma ya duka la vioo. Chumba cha kwanza kilikuwa cha vumbi: benchi, jiliwa, tupa, msasa, ndoo ya plasta. Cha pili kilikuwa safi, na humo ndimo ilimokaa kompyuta, imefunikwa kitambaa kama mgeni mheshimiwa. Alikuwa mpole kwa wagonjwa na mkali kwa vitu. Tupa ikimteleza aliigombeza kama mtu.

Jumanne ile hata maneno ya kugombeza yalimwishia. Mbele yake alikaa mshonaji wa nguo, mwanamke mwembamba aliyesafiri siku moja na nusu kuja kuvishwa mguu wa kushoto, na mguu haukumfaa. Kikombe, yaani ile sehemu ya juu inayopokea kigutu, kilikuwa kikubwa mno. Kigutu kilizama humo kikawa kinachezacheza. Mshonaji alijaribu kusimama, akayumba, akakaa tena na kucheka kwa aibu, kana kwamba kosa ni lake.

Fundi Miguu akachukua tepu akampima upya. Tofauti ilikuwa ya vidole viwili, na kigutu hakikondi vidole viwili kwa wiki tatu. Vipimo alivyofanyia kazi vilikuwa vya mtu mwingine. Hapo ndipo moyo ulipompiga paa. Huyu mshonaji alikuwapo, kikombe kingine angepata kabla ya Ijumaa. Lakini kama yeye kapewa cha mtu mnene, basi yuko mtu mnene mahali fulani aliyepelekewa cha huyu mwembamba. Kikombe kinachobana huchubua, na wengi wa wagonjwa wake miguu ilikatwa kwa ajili ya kisukari. Mtu wa kisukari akipata kidonda kigutuni, anaweza kurudishwa kwenye kisu.

Ilibidi ajue ni nani. Hapo ndipo vita vilipoanza.

Kazi yake ilikwenda hivi. Kliniki za mbali zilimpima mgonjwa, zikajaza fomu, zikaipiga picha na kuituma kwa barua pepe. Fomu haikuwa na jina ila namba, kwa kuwa siri ya mgonjwa ni siri. Jina lilikaa ndani ya barua. Kila kliniki ilijihesabia namba zake kuanzia moja. Na kwenye kichwa cha barua wote waliandika neno moja tu, Vipimo. Aliyewaagiza hivyo ni yeye mwenyewe, enzi zile kila barua ilipokuwa na mstari wake, jina la mtumaji na saa. Ulikuwa utaratibu mzuri, na haukuwahi kumkosesha mguu hata mmoja.

Kisha wenye huduma ile ya barua pepe wakaamua kumsaidia. Nani aliwaomba? Asubuhi moja alifungua ukurasa akaukuta umevaa sura mpya, na barua zote zenye kichwa kimoja zimefungwa pamoja kama kuni, eti ni mazungumzo. Mazungumzo gani? Watu wasiojuana, kila mmoja na mguu wake, wanazungumza nini? Ukurasa ulionyesha barua ya kwanza na ya mwisho, katikati ukaweka kiduara chenye namba arobaini na moja. Picha za fomu zilijipanga chini kwa safu, bila jina la aliyetuma. Fundi Miguu alizichapa kwenye printa kwa mpangilio ule ule aliopewa. Sasa, mshonaji akimtazama, akazitoa kwenye jalada na kuona alichopaswa kukiona wiki tatu nyuma: fomu mbili zilikuwa na namba nane.

Akabofya kile kiduara. Zikafunguka barua tatu, ukurasa ukaruka juu wenyewe. Akabofya tena, ukamwuliza kama anafurahia mwonekano mpya. Akaandika neno Vipimo kwenye sehemu ya kutafuta, akaletewa lundo lile lile, na juu yake tangazo la viatu. Viatu, kwa mtu anayetafuta mguu. Alipiga simu kliniki mbili alizokuwa na namba zao, akajibiwa kwamba miguu yao iko sawa. Nyingine nne alikuwa amezipelekea miguu mwezi ule, na namba zao za simu zilikuwa humo humo kwenye lundo.

Akamwita shemeji yake, karani wa shule ya jirani, mtu wa utani mwingi lakini anayejua kompyuta. Shemeji alianza kwa kumtania kwamba mashine inamwogopa ndiyo maana inaficha vitu. Alipoona uso wa shemejiye aliacha. Akatafuta kitufe cha kuyavunja yale mazungumzo, akaambulia patupu. Alikuwa na hakika kilikuwapo mwaka jana. Mwishowe akasema waachane na ukurasa, waweke programu ya barua kwenye kompyuta yenyewe, zishuke zote, kila moja ikae peke yake.

Ya kwanza waliyoijaribu ilikuwa nzuri kama kadi ya harusi. Kabla ya kuonyesha hata barua moja ilitaka ajiandikishe kwao na akubali barua zake zipite kwenye mitambo yao kwanza. Fundi Miguu akasoma mstari ule mara mbili, akauliza kama posta nako mtu hulazimika kumpa jirani bahasha azifungue. Shemeji akaifuta. Ya pili ilikuja na kompyuta. Hiyo ilichomeka matangazo katikati ya barua, yamevaa kama barua, na la kwanza lilitoka kwa wauza manukato. Nayo ikafutwa, tena kwa maneno ambayo shemeji hakutegemea kuyasikia kwa mama mtu mzima.

Ya tatu ilikuwa mbaya kwa sura, ya kijivu, kama kabati la ofisi. Haikutaka ajiandikishe popote. Haikuwa na tangazo. Iliuliza anwani yake na nenosiri, basi. Fundi Miguu akaipenda papo hapo.

Lakini wenye huduma wakakataa. Wakatuma onyo kwamba kuna programu isiyo salama inayotaka kuingia, na kama kweli ni yeye, basi atengeneze nenosiri jingine la pekee, la herufi kumi na sita, litakaloonyeshwa mara moja tu. Hapo damu ilimchemka.

"Walionichanganyia miguu ya watu ndio wanaonifundisha usalama," alisema. "Andika, shemeji. Mimi nasoma, wewe andika."

Barua zikaanza kushuka saa sita. Mshonaji alikuwa bado amekaa pale kwenye kiti, mguu usiomfaa umelazwa pembeni. Kufika saa tisa zilikuwa zimeisha, na barua za Vipimo zilijipanga moja chini ya nyingine, kila moja na aliyeituma, siku na saa. Fundi Miguu akapitisha kidole kwenye kioo. Namba nane ya kwanza ilitoka kliniki ya mshonaji. Namba nane ya pili ilitoka kwenye zahanati moja ya mbali, na jina ndani ya barua lilikuwa la mzee mmoja, bawabu, mgonjwa wa kisukari. Mguu wake ulipelekwa siku kumi na mbili nyuma.

Chini ya hiyo kulikuwa na barua nyingine kutoka zahanati ile ile. Muuguzi alikuwa ameijibu barua yake ya zamani, kwa hiyo kichwa kilikuwa kile kile, Vipimo, na ukurasa uliizika kwenye lundo. Ilikuwa imetumwa siku sita nyuma. Muuguzi aliandika kwamba mguu unambana mzee, ila yeye anasema atauzoea. Je, aendelee kuuvaa? Mwisho aliweka namba ya simu.

Kilichomkata maini Fundi Miguu ni kwamba barua ile ilikuwa na alama ya kuwa imesomwa. Siku moja katikati hapo alilifungua lundo kwa ajili ya mgonjwa mwingine kabisa, na wenye huduma wakahesabu kwamba amezisoma zote. Shemeji alisema polepole kwamba kosa si lake. Yeye alikuwa ameshainua simu.

Muuguzi alipokea. Ndiyo, mzee anauvaa kila siku langoni, asubuhi mpaka jioni. Ndiyo, kuna kidonda, ukubwa wa kifungo cha shati, bado hakijaingia ndani. Yeye alitaka kumvua, mzee akakataa mpaka fundi mwenyewe aseme. Na bahati yuko hapo, amekuja kusafishwa. Simu ikapewa mzee.

"Mama fundi," alisema mzee, sauti yake ya taratibu, "tulikuandikia kwamba mguu unaniuma. Ukakaa kimya. Nikajua maana yake nivumilie."

Fundi Miguu alikuwa na mengi ya kusema: sura mpya, kiduara, lundo, wale watu asiowajua waliojipa kazi ya kumsomea barua zake. Yote aliyameza.

"Uvue, mzee," alisema. "Mguu huo si wako, nimekosea mimi. Uvue sasa hivi. Wako naanza kuutengeneza leo."

"Niuvue? Nilikuwa nimeanza kuuzoea."

"Uvue, baba."

Akasikia mkanda ukifunguliwa, kisha kikombe kikitoka kwa shida, na mzee bawabu akishusha pumzi ndefu kama mtu aliyetua mzigo wa siku nyingi.