Jiwe la Baba yake Agnela

Agnela, mwalimu wa tuisheni mtaa wa Levolosi, alifundisha fizikia kwa jiwe la marehemu baba yake, mpasua mawe. Aliwaambia wanafunzi: lisukume mlalo kutoka ukingoni mwa mwamba, litafika chini wakati mmoja na lile uliloliachia tu lianguke kutoka hapohapo. Kwa hiyo kimo kikupe muda kwanza, ndipo uuzidishe kwa kasi upate umbali.

Msaidizi wake Eliya alipofungua darasa lake mtaa wa Kimandolu na kuwabeba wanafunzi wake wote, Agnela hakumlaumu. Fizikia si shamba la mtu, alijisemea.

Jumapili mchana alipita dirishani kwa Eliya, akamsikia akifundisha kwa sauti ya huzuni: “Marehemu baba yangu alikuwa mpasua mawe.”

Asubuhi ileile, kanisani, Agnela alikuwa amempa shikamoo baba yake Eliya, karani mstaafu, naye akaitikia kwa kicheko.