Slaidi Niliyokataa Kuipitisha

Pasaka ya 2015 makanisa yetu ya Wakongomani huku Marekani, sisi wa Louisville na wenzetu wa Buffalo, yalikutana Columbus kwa siku ya vijana. Sisi wa Louisville tulipangiwa kueleza historia ya kompyuta. Bon, kwetu kazi hugawanywa hivi: mvulana hushika maikrofoni, msichana hukaa pembeni kwenye laptop akipitisha slaidi. Msichana nilikuwa mimi, na sikulalamika. Nikisimama mbele ya watu sauti yangu hukimbia kabla ya miguu.

Msemaji alikuwa binamu yangu, mtoto wa mjomba. Mimi niliandaa slaidi, yeye aliandaa suti.

Niliweka picha moja ya zamani: mashine inayojaza chumba kizima, na wanawake wanachomeka nyaya zake. Nilikuwa nimesoma kwamba wao ndio walioipangia hatua za kuhesabu, bila kitabu cha maelekezo. Ilipozinduliwa, wanaume walipongezwa wakaalikwa karamuni; wanawake wakarudi makwao. Baadaye waliotazama picha walidhani ni warembo waliowekwa kupamba mashine, kama wale wa matangazo ya friji. Niliposoma hayo nilikasirika hadi nikakosa usingizi. Nikayaandika yote chini ya picha; nilitaka jambo moja tu Columbus: watajwe.

Njiani, kwenye gari, binamu alizipitia slaidi.

"Hii utoe. Batu wanataka wavumbuzi. Hawa ni wadada wa kusaidia."

"Njo wao wenyewe walifanya mashine ifanye kazi."

"Donc, utasimama useme weye?"

Alijua jibu. Nikafunga laptop, ila slaidi sikuitoa.

Ukumbini alianza vizuri, akiwataja wanaume wenye ndevu kana kwamba amekula nao sahani moja. Kisha picha yangu ikatokea ukutani.

"Tuendelee," akasema.

Nikatazama viatu vyangu.

"Dada, pitisha mbele."

Nikazidi kuvitazama. Binamu hakuwa amekariri chochote. Tangu mwanzo alikuwa anasoma ukutani, na ukutani sasa palikuwa na wanawake tu, na maneno yangu chini yao. Akakohoa. Akarekebisha tai. Mwishowe akasoma: nyaya, hesabu, karamu, yote, kwa sauti yake ya mhubiri. Alipomaliza neno la mwisho ndipo nikapitisha.

"Hata chakula hawakupewa?" mama mmoja wa Buffalo akauliza kutoka nyuma. "Hata fufu ya kubeba?"

Wamama wakacheka, lakini si kicheko cha furaha.

Pasta akamwita binamu, akamwekea mkono kichwani, akamshukuru Mungu kwa kijana anayewakumbuka wanawake. Halafu akaomba wasichana waende jikoni wagawe wali.

Nilikuwa namwekea binamu maharage aliponiinamia.

"Pasta anataka niirudie kule Buffalo. Utanitengenezea tena?"

"Nitakutengenezea," nikamwambia. "Ila safari hii sitaandika kitu. Nitaweka picha tu."