Pamba Ndani ya Nguo za Kaka Okoth

Nakumbuka siku moja ya mavuno kule Mella, mwanangu, na nikiikumbuka mbavu zinaniuma kwa kucheka, ingawa siku yenyewe nililia.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Uhuru. Mimi na kaka yangu Okoth tulikuwa vibarua wa kuchuma pamba kwa Mzee Owori. Kaka alikuwa mtu mwema, ila mkono wake ulikuwa mrefu. Kila jioni alijaza pamba ya mzee ndani ya nguo zake, akaenda kumuuzia fundi wa magodoro Busia. Asubuhi alikuja mwembamba kama ufito, jioni akaondoka mnene kama chifu. Haba na haba hujaza kibaba, na yeye alikuwa na vibaba viwili, kimoja kila mguu wa suruali. Nilimwonya, akaniambia pamba ya mzee haiishi.

Basi kaka alitaka kuoa binti wa Kisoko, na kwetu kijana hajisemei kwa wakwe. Husemewa na mtu mzima anayeheshimika. Mzee Owori alikubali kumsemea, na bila kutuambia akamwalika baba wa binti jioni moja, aje anywe pombe ya wimbi pamoja nasi baada ya kazi.

Kaka akaitwa kwenye chungu cha pombe, pamba ikiwa bado mwilini. Wanaume wakaketi kukizunguka, kila mtu na mrija wake. Pombe ile hunywewa moto, na mimi ndiye niliyekuwa nikiongeza maji ya kuchemka. Hebu wewe jaribu kunywa kitu cha moto ukiwa umevaa godoro! Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni.

"Mzee, mimi nakwenda nje kidogo," akasema.

"Kaa, kijana. Mgeni bado nakunywa," akajibu Mzee Owori, akanikonyeza niongeze maji. Hapo nikatambua kwamba mzee anajua kila kitu, nikaogopa sana.

Baba wa binti alikuwa akimtazama kaka kwa furaha. "Huyu kijana iko na afya mzuri! Simama nikuone, mtoto yangu."

Kaka akasimama. Kifungo cha shati kikaruka, pamba ikamwagika hadi ndani ya chungu. Vibarua wakaangua kicheko, mmoja akapaliwa.

Mzee Owori hakucheka. "Okoth, mimi nilikuwa tayari kusema wewe ni mwaminifu. Sasa niseme nini? Pamba ungeomba, ningekupa. Mdomo yangu umefunga wewe mwenyewe."

Mgeni akachukua kofia yake, akaaga kwa adabu, akarudi Kisoko, nami nikalia kwa aibu ya kaka. Binti aliolewa na mwingine, kijiji cha Merikit. Kaka alikaa miaka mingi bila mtu wa kumsemea popote.

Mwanangu, kwamba siku za mwizi ni arobaini umeshasikia. Langu ni hili: kitu kidogo ukikichukua bila kuomba, mwenye nacho atapata kingine. Hasara ni yako, maana umemfunga mdomo mtu aliyekuwa tayari kukutetea. Basi omba. Ukinyimwa, vumilia.

Mungu akujalie wazee wa kukusemea mema. Na siku utakapoambiwa usimame mbele ya watu, akujalie usimame bila woga, ndani ya nguo zako pawe na mwili wako tu.