Nilitoroka kanisani siku ya Sabato nikachimbe vitunguu saumu

Wakuu, hamjambo humu ndani. Kuna kijana ameuliza kwa uzi mwingine kama kitunguu saumu kinaweza kumea nyuma ya jikoni, nikashindwa kunyamaza. Mimi ni nyanya wa watu, simu hii nimenunuliwa na mjukuu. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na siongezi chumvi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimeolewa mwaka mmoja hivi, huko Manga, upande wa Nyamira. Mume wangu alifanya kazi kwa kiwanda cha majani chai Kericho, anakuja mwisho wa mwezi. Mimi nabaki na mama mkwe.

Sasa mjue, siku hizo bibi mpya hakuwa na jiko. Unapika kwa moto wa mama mkwe, unakoroga sufuria yake, unaulizwa chumvi imeenda wapi. Mama alikuwa mtu mzuri, simsemi vibaya. Lakini nilitaka moto wangu! Niliutaka mpaka chakula hakishuki.

Siku moja nikamwambia. Akaniangalia, akasema, "Mkamwana, wewe umelelewa town. Nionyeshe kwanza kitu umetoa kwa udongo na mkono wako, ndio niwaambie wanaume wakujengee jiko."

Haya basi.

Town ni kweli, nimekulia Kisii. Jirani yetu alikuwa mama wa Kiislamu, na pilau yake ilinukia saumu hadi barabarani. Nikaenda kwake, akanipa vichwa vinne. Huko Manga sikuona mtu mwingine akipanda hiyo kitu. Mama mkwe akanikatia kipande kando ya chinsaga zake, mboga aliyoipenda kuliko zote, akachukua punje moja, akanusa, akakunja uso.

"Hii ni chakula ama ni dawa ya ng'ombe?"

Nilipanda mwezi wa tisa, mistari minne. Samadi ya mbuzi, kila punje na nafasi yake, ncha ikiangalia juu.

By the way, mimi sijui kutulia hata leo. Nilikuwa navitazama asubuhi, nikitoka mtoni navitazama tena. Nafukua kimoja kwa kidole nione kama kimevimba, nafunika haraka. Mama ananiona, anacheka, "Wacha kuvitekenya!"

Mwezi wa pili, mwaka uliofuata, majani yakageuka manjano, yakaanza kulala. Vimeiva. Lakini wiki hiyo tulikuwa tunachuma chai kila siku, na Ijumaa tulitoka shambani jua likiwa linashuka. Nyumba yetu ilikuwa ya Wasabato. Jua la Ijumaa likizama, jembe halishikwi. Mimi nilizaliwa Mkatoliki, hiyo Sabato nilikuwa bado naizoea kama kiatu kipya.

Nikatazama upande wa ziwa, kule mvua zetu zinakotoka. Wingu jeusi!

"Mama, nipe nusu saa tu nivitoe."

"Jua limeingia. Vitakungoja Jumapili."

Kesho yake kanisani nilikaa karibu na mlango. Mhubiri anahubiri, mimi nasikiliza mbingu. Ikaanza, tone moja kwa mabati, tone la pili, halafu ikamwagika hata mhubiri hasikiki. Wakuu, nilikuwa naona jiko langu linaoza pale chini ya matope. Miezi mitano! Nikainuka kama mtu anaenda msalani, nikatoka, nikakimbia.

Nilichimba na jembe, nikaona linachelewa, nikachimba na vidole. Nguo ya kanisani matope hadi kiunoni. Nikamaliza mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Nikainua kichwa. Mama mkwe amesimama pale, Biblia ameifunika na leso, maji yanamtiririka usoni.

"Mkamwana, leo ni siku gani?"

"Sabato, mama."

Akanipa mgongo. Aliingia nyumbani. Afadhali angenichapa, aki.

Mimi nikiwa na aibu nikaosha vile vitunguu vyote kwa karai ving'ae, labda akiviona vizuri atanisamehe. Nikavijaza kwa kikapu vikiwa na maji. Jua lilipozama, Sabato ikaisha, akaniita.

"Kesho wanaume wataanza kukujengea jiko."

Moyo ukaruka! Nikafungua mdomo nimshukuru, akainua mkono kunizuia.

"Ukitaka kuvunja Sabato, uvunjie kwako. Kwa moto wangu, hapana."

Jumapili jua liliwaka. Mama mwenyewe akaenda, akang'oa ule mstari wa nne, akapangusa udongo kwa mkono bila maji, akavining'iniza darini juu ya moshi. Vya kwangu, ndani ya wiki mbili, vililainika na kuota ukungu. Nilivitupa vyote. Vyake vilikauka vizuri, na jiko lilipokwisha kukandikwa akanitumia vyote, hakubakisha hata kimoja.

Nikapika maharagwe, nikayaunga na saumu. Nikamwita. Alikuja mpaka mlangoni, akasema ameshiba.

Alisema ameshiba karibu miaka miwili. Nilikaa kwa stuli mpya, kwa jiko nililolililia, nikila peke yangu na machozi yakidondoka kwa sahani. Hakuna aliyeniuliza chumvi imeenda wapi. Nilitamani aniulize.

Baadaye alikuja kukaa, akala. Nilipojifungua mtoto wa kwanza. Lakini ile miaka miwili sikurudishiwa.

Kijana, jibu lako: kinamea. Acha kumwagilia majani yakianza kukauka. Mvua moja haiwezi kuozesha kitunguu ardhini, ningengoja Jumapili vyote vingekuwa sawa. Ukishakitoa, usikioshe. Kikaushe.

Hilo ndilo funzo, na ni la kweli. Lakini niliahidi kutoongeza chumvi, kwa hivyo nawaambia pia hili: nikijiweka tena pale mlangoni mwa kanisa, mvua inapiga mabati, bado natoka nakimbia. Na hiyo ndiyo inanisumbua mpaka leo.

Nyinyi mlioolewa kwa dini isiyo yenu, hebu semeni. Mngekaa?