Mashine ya Siku ya Picha

Juma lililopita nilikuwa katika ofisi ya chuo kimoja cha wauguzi huku Kericho, nikisubiri barua ya mpwa wangu. Mbele yangu kwenye kaunta alisimama mwanafunzi mmoja, ameinamisha kichwa ili sikio la kulia, lile linalosikia nusu, limwelekee karani.

"Madam, naomba ile mashine. Mtihani wa kupima presha ni saa nane."

Mashine yenyewe tuliiona sote kabatini: kifaa cha kusikilizia moyo, aina ile inayokuza sauti. Wafadhili waliileta kwa ajili ya msichana huyu. Ilikuwa imerudishwa kwenye nailoni yake, na ufunguo wa kabati ulining'inia shingoni mwa karani.

"Hiyo ni mali ya college," karani alisema akiangalia kitabu chake, hata msichana akamwomba arudie. "Ikiharibika nani atajibu? Leta barua ya principal."

"Principal ameenda Nairobi."

"Basi ngoja arudi."

Msichana akanyoosha kidole ukutani. Kwenye picha yenye fremu alisimama kando ya mgeni rasmi, mashine ile ile masikioni, akitabasamu.

"Si ni mimi huyu?"

"Hiyo ilikuwa siku ya picha."

Msichana akaondoka. Karani akachukua kitambaa akafuta kioo cha picha, taratibu, kama anayemnawisha mtoto uso.

Wafadhili wetu, msiwe na wasiwasi. Rudini wakati wowote: mashine mtaikuta nzima, hata nailoni haijachanika. Muuguzi ndiye hamtamkuta.