Aliyempa Mtoto Jina la Ng'ombe

Kitabu kipya cha watoto kina harufu yake: gundi, wino, na kitu kidogo kama mafuta ya taa. Juzi, katika duka moja la vifaa vya shule pale Remera, nilifungua kimoja nikakinusa kabla ya kukisoma, na mara nikajiona tena darasa la tano, mtaani Gikondo, nimeshika kitabu tulicholetewa shuleni kwetu.

Kilikuwa na picha za rangi, nacho kilieleza maisha ya mheshimiwa mmoja, mwanamke aliyewahi kuwa waziri. Kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho hakukosea hata mara moja. Alipokuwa mchanga hakulia ovyo. Alipoanza kutembea aliwagawia wenzake viazi vyake. Mwalimu wetu alikipenda sana. Alitugawia kurasa, kila mmoja asimame mbele ya darasa aueleze ukurasa wake kwa maneno yake mwenyewe.

Nilikuwa mtoto wa aibu. Nikiitwa jina tu, ulimi ulikauka. Wenzangu walilijua hilo.

"Keza atasimama, halafu atatuonyesha kisogo," alisema Eric, na darasa zima likacheka.

Ukurasa wangu ulihusu siku ya kumpa mtoto jina. Kwetu mtoto akizaliwa, watoto wa majirani huitwa, hulishwa vizuri, kisha kila mmoja hutaja jina ambalo angependa mtoto apewe. Kitabu kilisema kwamba mheshimiwa, akiwa mdogo huko Karagwe, Tanzania, walikokuwa wakiishi wazazi wake, alipanda juu ya kinu akatoa hotuba, akataja jina lenye maana ya amani, na wazee wakapiga makofi. Ukurasa ulimalizia: "Alizaliwa kiongozi."

Maneno hayo mawili yalinilemea. Kama viongozi huzaliwa hivyo, basi mimi nilikwisha kujua nilizaliwa nini. Jioni nilimwambia Bibi kwamba kesho nitaumwa.

Bibi, mama yake mama, alikulia Karagwe, kijiji kimoja na mheshimiwa huyo. Alikuwa akichagua maharage kwenye ungo. Hakuuliza nitaumwa nini.

"Nisomee," alisema.

Nikamsomea. Alicheka mpaka akaweka ungo chini.

"Yewe! Juu ya kinu? Mtoto huyo alijificha nyuma ya magunia ya mahindi. Wakamtoa, wakamuuliza, haya, mtoto aitwe nani? Woga ukamshika, akataja jina la kwanza lililomjia. Akasema, Bihogo."

Bihogo ni jina tunalompa ng'ombe wa rangi ya kahawia iliyoiva.

"Jina la ng'ombe, Bibi?"

"La ng'ombe! Watoto walicheka mpaka wakamwaga maziwa. Na yeye akalia. Lakini alikufa? Hakufa."

Usiku huo nililala vizuri. Kesho yake nilisimama mbele ya darasa, nikatazama ukutani, nikaeleza habari ya magunia na Bihogo. Darasa lilicheka, Eric akapiga dawati kwa viganja, na kwa mara ya kwanza hawakuwa wakinicheka mimi. Mwalimu hakucheka.

"Keza, hayo umeyatoa wapi? Hayamo kitabuni. Waziri hafanyiwi mzaha."

"Bibi yangu alikuwepo," nilisema. Sauti ilitoka. Sijui ilitoka wapi.

Mwalimu alikuwa mtu wa haki. Jumamosi, baada ya umuganda, kazi ile ya pamoja ya mtaa, alipita nyumbani kuuliza, viatu vyake vikiwa bado na udongo. Bibi alikuwa na mgeni, Mama Zawadi, rafiki yake tangu Karagwe. Mwalimu alirudia kwa adabu habari ya magunia na Bihogo, akasema: kama kitabu kimekosea, yeye atawaambia watoto, kama nimekosea mimi, nitawaambia mimi. Bibi akatazama ndani ya kikombe chake cha chai.

"Bihogo?" Mama Zawadi alidakia. "Mwalimu, huyo Bihogo ni mdogo wangu! Mpaka leo nyumbani hatumwiti vingine. Na aliyempa jina hilo ni huyu hapa." Akamwonyesha Bibi kwa kidevu. "Mheshimiwa hakuwa na woga hata kidogo. Ila kinu hakikuwepo, wala hotuba. Yeye alikuwa na kazi moja tu, kutunyang'anya maharage."

"Reka, niache wewe," alisema Bibi, akafunika mdomo kwa kitenge.

Hapo ndipo Mwalimu alipocheka. Alisema maharage hayo yangefaa kuingia kitabuni, watoto wangempenda zaidi mheshimiwa. Kisha akanigeukia. "Jumatatu utawaeleza wenzako ilivyokuwa."

Siku mbili sikusema na Bibi ila kumjibu. Niliona kwamba yeye na kitabu ni wale wale, na kwamba ameniacha peke yangu na aibu mbele ya darasa. Jumatatu nilisimama tena, nikaeleza yote: kinu ambacho hakikuwepo, maharage yaliyonyang'anywa, na kwamba aliyejificha nyuma ya magunia ni bibi yangu. Nilingoja kicheko.

"Na sasa bado anaogopa watu?" aliuliza Eric.

"Hapana," nikasema. "Sokoni anagombana na kila mtu."

Leo nikisoma vitabu vya namna ile natafuta mahali mtoto alipolia, na mara nyingi sipati. Waandishi wake hutaka tumheshimu kiongozi, na si jambo baya. Bibi alitaka nisimame tu. Alichukua woga wake mwenyewe akamvika mtu mkubwa, ili nisiuone kuwa kitu cha watu wadogo. Hakuwa na haki ya kufanya hivyo, na Mwalimu alifanya vyema kuusahihisha uongo ule. Lakini angeniambia jioni ile kwamba aliyeogopa ni yeye, nisingemsikiliza. Ningemwona bibi tu anayechagua maharage, na asubuhi ningeumwa.