Kajuaji wa Chombo cha Angani

Enzi zetu, na wewe uliyekulia mtaa wa Shauri Moyo hapa Nairobi utanishuhudia, televisheni ilikuwa pahali pa kwenda. Mtu alisema "naenda tivii" kama anavyosema anaenda sokoni Gikomba. Katika laini yetu nzima ya nyumba ilikuwa moja tu, ya Bi Zuhura na mumewe Mzee Salim mwenye duka la rejareja, nayo ilikaa sebuleni kwa heshima kuliko wageni wengi. Ilikuwa na miguu minne, milango ya mbao ya kufungwa kwa ufunguo, na juu yake kitambaa cheupe alichokifuma Bi Zuhura mwenyewe. Mbele ya kioo Mzee Salim alibandika plastiki ya buluu ili picha isituumize macho, na mimi kwa miaka mingi niliamini kwamba Wazungu wa kwenye tivii wana ugonjwa fulani wa ngozi.

Kuingia hakukuwa bure. Jumamosi mchana ungetukuta mferejini, kila mtoto na debe lake, tukimjazia Bi Zuhura pipa la maji. Jioni tulirudi tumeoga, tukapanga viatu mlangoni, wale wenye viatu, naye akasimama pale na leso kiunoni kukagua miguu. "Wewe, rudi ukasugue hicho kisigino. Zulia langu si uwanja wa mpira." Ukipita, unasema shikamoo, unakaa chini, unakunja miguu na hujikuni hovyo. Ndani kulinukia udi na mahamri, na aliyejiheshimu alipewa nusu hamri. Watoto wa siku hizi hutazama wakiwa wamelala chali, simu usoni, viatu miguuni, halafu wananiambia wamechoka. Wamechokeshwa na nini, sijui.

Kosa moja tu lilikufukuza kabisa katika nyumba ile, nalo ni uongo. Omondi wa nyumba ya mwisho aliwahi kuleta debe nusu akaapa kwa jina la mamake kwamba lilikuwa limejaa. Hakukanyaga tena zulia lile. Jumamosi zote zilizofuata alisimama nje dirishani, na pazia lilipofungwa alibaki kusikiliza tu. Tulimwonea huruma, lakini hakuna aliyethubutu kumwombea.

Basi mwaka tuliokuwa darasa la tano kikaja kipindi cha chombo cha angani. Kila Jumamosi, kabla ya taarifa ya habari, watu wazima waliovaa nguo za kubana walizunguka katikati ya nyota wakitafuta matatizo. Na pamoja nao alikuwamo mtoto mmoja, wa umri wetu, nywele zimechanwa vizuri, aliyejua kila kitu. Injini inazima, nahodha anatokwa jasho, wataalamu wenye ndevu wanashikana mashati, halafu huyo mtoto anainua kidole, anasema maneno mawili, chombo kinapona. Tulimchukia mara moja. Tulimpa jina Kajuaji.

Kwa nini tumchukie mtoto aliyeokoa watu? Nimelifikiria swali hili nikiwa mtu mzima, na jibu langu ni la mitaa yetu ya Eastlands. Sisi tulifundishwa sinema na lile gari lililokuja uwanjani kutuonyesha picha ukutani, na sheria yake tuliijua kama tulivyojua sala. Steringi, yule shujaa wa picha, hafi, lakini lazima apigwe kwanza. Atoke damu mdomoni, afungwe kamba, adui acheke, watoto tulie kidogo, ndipo ainuke. Kajuaji hakupigwa hata kofi. Hakukosea, hakuogopa, hakuitwa nyumbani kuosha vyombo. Juu ya hayo, wazazi walimgeuza fimbo ya kutuchapia. Mama yangu, aliyemwona mara moja tu alipokuja kunichukua, alinisimanga naye mwaka mzima: "Mtoto mwenzako anaendesha ndege ya angani, wewe sufuria ya uji imekushinda."

Aliyempenda ni Bi Zuhura peke yake, na mapenzi yake yalikuwa ya wasiwasi. "Mtoto ana akili huyu, mashallah. Lakini mbona halali? Mbona hali? Na mamake yuko wapi?" Kizungu hakukijua, na sisi tulikijua cha kuombea ruhusa ya kwenda chooni tu. Kwa hiyo akamwita Achieng.

Achieng alikuwa Kajuaji wetu wa nyumbani. Babake alifanya kazi kiwandani Industrial Area, na yeye alikuwa ametoka darasa la tatu akarushwa hadi la tano, mdogo kuliko sote, soksi zimevutwa hadi magotini. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa na mtindo wake. Ukikosa swali, Achieng anasimama analijibu, kisha wewe unakula viboko. Sasa hebu niambie, utampendaje mtu kama huyo? Tulipogawana timu za kati, ule mchezo wa kumlenga aliye katikati kwa mpira wa makaratasi, majina yote yaliitwa hadi ya watoto wenye makamasi, Achieng akabaki ameegemea ukuta. Kila siku alikuja, kila siku akabaki. Alichokitaka duniani ni kuitwa tu, na sisi tulikijua, tukamnyima.

Kwa Bi Zuhura akawa mkalimani. Hakuteka maji, na alikaa kwenye kigoda karibu kabisa na kioo, jambo lililozidi kututia kinyongo. Wiki za kwanza alitafsiri vizuri mno. "Anasema injini imepata joto kupita kiasi. Anasema nahodha amekosea hesabu." Sisi tunafyonya. Kioko, aliyekuwa kiongozi wetu kwa sababu ya kupiga mluzi kwa vidole viwili, alikuwa akisema, "Si angenyamaza tu, bana!" na hatukujua vizuri anamwambia yule wa kwenye kioo au yule wa kwenye kigoda.

Halafu, polepole, Kajuaji akaanza kubadilika. Jumamosi moja, baada ya kuokoa chombo, Achieng akatuambia, "Anasema amechoka, na leo ni siku yake ya kuzaliwa na hakuna aliyekumbuka." Jumamosi nyingine akasema, "Anauliza kama anaweza kucheza karata na wale wakubwa. Wamemwambia aende kulala." Mara anamwota mamake, aliyebaki duniani akiuza samaki. Mara anakiri kwamba jibu la juzi alibahatisha. Bi Zuhura alifuta machozi kwa pembe ya leso, na Kioko, Kioko yule yule, alianza kumpigia mluzi wa kumtia moyo. Shuleni, wakati wa maziwa ya pakiti za pembe tatu, tulimzungumzia kama ndugu yetu. Kipindi kilikuwa kizuri sana, na hakuna aliyeshangaa kwa nini.

Likizo ya Agosti ikamleta Abdalla, mpwa wa Bi Zuhura, aliyekuwa anasoma sekondari ya bweni na kuongea Kizungu cha puani. Alikaa kwenye kiti, mguu juu ya mguu. Siku hiyo Kajuaji alikuwa amesimama peke yake karibu na dirisha la nyota, akisema jambo refu, na Achieng akatafsiri kwa sauti ya chini, "Anasema, mimi ndiye nimeiharibu injini. Naogopa kumwambia nahodha. Atanifukuza, na sina pengine pa kwenda."

Abdalla akaangua kicheko. "Uongo! Shangazi, huyu msichana anawachezea. Mtoto amesema injini iachwe ipoe, basi. Hajaharibu kitu, wala haogopi chochote."

Bi Zuhura akageuka. Achieng aliinamisha kichwa, mikono imekaza magoti, akatupa jicho mlangoni kwenye viatu vyake. Nje dirishani Omondi alikuwa amesimama kama kawaida, na sote tulimtazama. Kwa mara ya kwanza nikajikuta nikiomba Achieng asifukuzwe.

"Abdalla, baba," Bi Zuhura akasema, "hebu keti pale utafsiri wewe."

Achieng akaondoka kwenye kigoda, akasimama karibu na mlango. Abdalla akatafsiri, na kwa kweli alikijua Kizungu. "Anasema joto limezidi kipimo. Anasema wafungue valvu ya pili, halafu ya tatu." Tukaanza kujikunakuna. "Ndio huyo sasa," Kioko akanong'ona. "Mjuaji." Mtu akafyonya. Kwa dakika chache tu alikuwa amerudi vile vile, nywele zake na kidole chake, na sisi tukarudi kumchukia.

"Na mamake?" Bi Zuhura akauliza. "Hajamtaja mamake?"

"Hapana, shangazi."

"Hata mara moja?"

"Hana habari ya mama, shangazi. Ni mambo ya mitambo tu."

Bi Zuhura akainuka. Nilidhani anaenda kumshika Achieng sikio amtoe nje. Badala yake akaenda kwenye televisheni, akazungusha kile kifundo cha sauti mpaka Wazungu wote wakawa bubu.

"Kizungu chako kizuri, mwanangu, Mungu akuzidishie," akamwambia Abdalla. "Lakini mtoto huyo wako mimi simjui. Achieng, rudi hapa uniambie wangu anasema nini."

Achieng akarudi kwenye kigoda. Alitazama kioo kwa muda, midomo ya wale watu ikichezacheza bila sauti. Kisha akasema, "Anasema asante."

Jumatatu, tulipogawana timu uwanjani, Kioko alimwita wa kwanza. Ilikuwa hasara tupu, kwa sababu Achieng alikuwa hajui kukwepa. Mpira ulimpata mgongoni kabla hajageuka, ukampata tena sikioni, akaanguka, sketi yote vumbi, na tulicheka mpaka tukashika mbavu. Naye alikuwa amekaa chini pale pale akicheka kuliko sisi. Tulipokuwa tunatembea kurudi nyumbani nilimuuliza kwa nini alikuwa anatudanganya. Alinitazama kama ninavyotazamwa nikikosa hesabu rahisi.

"Si mwanzoni nilisema ukweli? Mkamzomea. Nikaona wacha nimsaidie."

Mwaka uliofuata babake alipata nyumba mtaa wa Mowlem, wakahama, na kwa miguu ya watoto Mowlem ilikuwa mbali kama hizo nyota. Tukapotezana. Nina hamu naye mpaka leo, nasema bila haya.

Juzi mjukuu wangu Mwende alikuwa amejikunja kwenye kochi, vidude masikioni, anatazama kipindi kwenye simu. Nikachungulia. Mambo ni yale yale, chombo ni kile kile, isipokuwa safari hii kajuaji ni msichana na rangi ni nzuri hadi zinaumiza. "Shosho, huyu dem anaboo," akaniambia mimi bibi yake, yaani msichana huyu anachosha. "Anajua kila kitu. Hata soma vile watu wanamtusi." Akanionyesha. Chini ya picha kulikuwa na watu, mmoja baada ya mwingine, wasiojuana wala kukaguliwa miguu, wakimtukana mtoto wa mtu. Na kila neno alilolisema yule msichana lilikuwa limeandikwa pale pale chini ya kidevu chake, limetafsiriwa barabara, halikupungua wala kuzidi. Nilitaka kumwambia Mwende azime sauti kidogo, tumtazame pamoja, lakini alikuwa amesharudisha vidude vyake masikioni.

Nikaenda kuweka chai. Watoto wetu wana maneno yote, na yote ni ya kweli. Sisi tulikuwa na Achieng.